Kufifisha taa za mkanda za LED nyumbani: umeme unaokolewa wapi, na unapotea wapi?

Mwanachuno (mtoa mada), Mtwara

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nyumba nyingi zinazomaliziwa hapa Manispaa ya Mtwara baada ya minada ya korosho zinawekwa dari la jipsamu, na katika kingo za dari hilo fundi huzungusha mkanda wa LED bila hata kumuuliza mwenye nyumba anahitaji mwanga kiasi gani. Sebule ya mita tano kwa nne ina mzunguko wa mita 18. Mkanda uliozoeleka ni ule wa volti 12 wenye vijitaa 60 vya aina ya 5050 kwa kila mita, ambao hula wati 14.4 kwa mita. Kwa hiyo mita 18 ni wati 259 kabla hatujahesabu kinachopotea kwenye adapta. Adapta ikiwa na ufanisi wa asilimia 85, mita ya LUKU itaona wati 305 hivi. Ukiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku, mwezi wa siku 30 utakwisha na uniti karibu 46. Kwa sisi wa daraja la T1 (la watumiaji wa kawaida), ambao uniti moja hutugharimu takribani shilingi 357 pamoja na kodi na tozo, hizo ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi kwa ajili ya pambo la dari. Na aliye katika daraja la watumiaji wadogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba mkanda peke yake umekwishakula zaidi ya nusu ya ukomo huo.

Hakuna familia inayohitaji mwanga wote huo ili kutazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Swali langu ni hili: ni njia ipi ya kufifisha inayopunguza uniti kwa kadiri inavyopunguza mwanga, na ni ipi inayopunguza mwanga tu huku umeme ukiendelea kuliwa? Mafundi wamenieleza mambo yasiyopatana. Mmoja anapendekeza swichi ya feni ya ukutani, mwingine dima (kifaa cha kufifishia) ndogo ya rimoti inayofungwa kati ya adapta na mkanda, na wa tatu anasema tupunguze volti. Naomba majibu yenye hesabu.

Fundi wa Mikindani

Mkuu Mwanachuno, umeuliza vizuri kwa sababu umeanza na wati. Tuimalize kwanza swichi ya feni, maana ndiyo inayounguza vifaa vya watu.

Dima ya ukutani, pamoja na baadhi ya swichi za feni, hufanya kazi kwa kukata sehemu ya kila wimbi la umeme wa volti 230, ambao hapa nchini huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Balbu ya zamani ya waya haikuwa na neno na ukataji huo, kwa kuwa waya ukishapata moto haupoi kwa ghafla. Adapta ya mkanda ni kifaa cha namna nyingine kabisa: ndani yake mna sakiti ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba volti 12 zinatoka hata umeme wa ukutani ukiyumba. Ukiikatia wimbi, itajitahidi kufidia, mwanga hautashuka ipasavyo, kisha itaanza kuvuma na kupepesa, na mwishowe kapasita zake zitachoka mapema. Zipo adapta zilizotengenezwa zikubali dima ya ukutani, nazo huwa zimeandikwa hivyo kwenye kasha. Isiyoandikwa usiijaribu.

Njia ya pili, ile ya dima ya rimoti, huitwa PWM, yaani kufifisha kwa mapigo ya kuwasha na kuzima, nayo ndiyo ninayoifunga mimi katika kazi nyingi. Kidude hicho hukaa upande wa volti 12, baina ya adapta na mkanda, na ndani yake mna transista ya MOSFET inayouwasha na kuuzima mkanda mara mamia au maelfu kwa sekunde. Jicho haliyatambui mapigo hayo. Linaona wastani wake. Mkanda ukiwaka robo tu ya muda, utakula robo ya wati, yaani 259 zitashuka hadi 65, na transista yenyewe hupoteza kidogo mno, kwa sababu ikiwa imezima haipitishi kitu na ikiwa imewasha upinzani wake ni mdogo.

Kuna faida nyingine ambayo wenye nyumba hawaihesabu. Macho ya binadamu hayapimi mwanga kwa mstari ulionyooka: mwanga halisi ukishushwa hadi robo, mtu aliyeketi kwenye kochi huuona kana kwamba umeshuka hadi nusu. Kwa hiyo mtoa mada anaweza kuwa na sebule inayoonekana kuwa na nusu ya mwanga, huku uniti zake zikishuka kutoka 46 hadi 12 au 13 kwa mwezi.

Tahadhari moja: wati 259 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 21. Dima ndogo ya rimoti yenye uwezo wa ampea 6 inatosha roli moja la mita tano, tena bila nafasi ya ziada. Usiibebeshe sebule nzima.

Mwalimu, Nachingwea

Ndugu zangu, naungana na Fundi kuhusu swichi ya feni, lakini PWM naomba tuihesabu kabla ya kuisifu. Imezoeleka kusemwa kwamba PWM huokoa umeme ilhali rezista, yaani kipande kinachoupinga umeme usipite kwa wingi, huugeuza joto, na kauli hiyo ina ukweli nusu.

Mkanda wa volti 12 umegawanywa katika vipande vifupi, na katika kila kipande vijitaa vitatu hufuatana vikiwa na rezista yao. Ndiyo maana alama ya kukatia huonekana baada ya kila vijitaa vitatu. Kijitaa cheupe huhitaji volti 3.1 hivi. Vitatu huchukua 9.3, na zile 2.7 zinazobaki huishia kwenye rezista. Hiyo ni zaidi ya asilimia 22 ya umeme wote, inayogeuka joto kabla hujagusa dima yoyote. PWM haiigusi hasara hiyo hata kidogo, kwa kuwa katika kila pigo mkanda huwaka kwa nguvu zake zote na rezista hula fungu lake lilelile.

Sasa chukueni rezista ya nje, ile inayodharauliwa, muifunge mfululizo na mkanda hadi ampea zishuke kuwa nusu. Adapta bado inatoa volti 12, ampea ni nusu, basi wati ni nusu. Ni sawa na PWM iliyowekwa kwenye nusu, tena mwanga utakuwa umezidi nusu kidogo, maana LED hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati inapopitishiwa ampea chache kuliko inapokazwa. Ubaya wa rezista ya nje hauko kwenye uniti. Uko kwenye joto, ambalo lilikuwa limetawanyika katika mita 18 za mkanda na sasa wati 20 na zaidi zinakusanyika kwenye kidude kimoja kilichofichwa juu ya jipsamu, karibu na mbao za kenchi. Hilo linatosha kuikataa, ila tuikatae kwa kosa lake halisi.

Fundi wa tatu wa mtoa mada, aliyesema volti zipunguzwe, ndiye aliyelenga. Mkanda ukipewa volti 10 badala ya 12, vijitaa vitatu vitachukua kama 8.7, kwa kuwa mahitaji yake hushuka kidogo ampea zikipungua, na rezista itabakiwa na 1.3. Ampea zitakuwa zimeshuka hadi asilimia 48 hivi, lakini wati zitakuwa zimeshuka hadi asilimia 40, kwa sababu kila ampea sasa inasukumwa na volti chache zaidi. PWM ingehitaji asilimia 48 ya wati kwa mwanga wa aina hiyo. Katika sebule ya mita 18, tofauti ni kama wati 21.

Msishangilie bado. Kifaa cha kushushia volti, hata kikiwa kizuri, hula asilimia 5 hadi 10 ya umeme unaopita ndani yake, kwa hiyo faida inayobaki ni wati 11 hadi 16. Ipo, lakini ni ndogo kuliko bidii ambayo watu hutumia kubishana juu yake.

Fundi wa Mikindani

Mwalimu, hesabu yako naikubali, nami naongeza jambo linaloiondoa hata hasara ya kifaa hicho cha kushushia.

Adapta nyingi za kasha la bati lenye matundu zina kiskrubu kidogo cha plastiki pembeni ya mahali pa kufungia waya, ambacho huandikwa ADJ. Kiskrubu hicho hurekebisha volti zinazotoka, kwa kawaida asilimia 10 juu au chini ya 12. Ukikizungusha polepole huku umeweka mita ya fundi kwenye waya wa kutokea, adapta itashuka hadi 10.8 hivi. Kwa mkanda wa Mwalimu, vijitaa vitachukua 9.0 na rezista itabakiwa na 1.8, yaani theluthi mbili ya 2.7. Ampea zitashuka hadi theluthi mbili, na wati hadi asilimia 60. Kutoka 259 unabaki na 155, mwanga ukiwa bado unazidi theluthi mbili kidogo, na hujanunua chochote. Mkanda nao unapoa, na LED inayofanya kazi bila kupata joto jingi hudumu zaidi, jambo lenye uzito kwa nyumba zetu za pwani ambazo dari lake halipoi hata usiku.

Kazi hiyo aifanye anayejua umeme. Kiskrubu kinakaa karibu sana na vituo vya volti 230, na bisibisi ikiteleza hapo hakuna utani.

Njia hii ya volti ni ya mkanda wa rangi moja pekee. Kwenye mkanda wa rangi zinazobadilika, kijitaa chekundu huhitaji kama volti 2 ilhali cha kijani na cha buluu huhitaji zaidi ya hizo. Ukishusha volti, kijani na buluu hufifia kwanza na sebule nzima inageuka wekundu. Huko tumieni PWM.

Mama Rahaleo, Lindi

Habari zenu ndugu zangu. Nimewasoma kwa makini kwa sababu tatizo langu linafanana, ingawa mimi natumia sola. Umeme ukikatika huku kwetu, taa za korido na za barazani zinaendeshwa na betri ya volti 12, na fundi aliunganisha mkanda moja kwa moja kwenye betri akisema volti ni zilezile. Mchana jua likiwa kali, nikiwasha taa hizo zinang'aa kupita kiasi, na baadhi ya vipande vya vijitaa vitatu vitatu vimekwisha kufa. Je, dima itavinusuru vilivyobaki?

Fundi wa Mikindani

Mama, volti si zilezile. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia huwa na 12.7 hivi, lakini inapochajiwa na jua la mchana chaji kontrola huipandisha hadi 14.4. Tumia hesabu ya Mwalimu: vijitaa vitatu vitachukua kama 9.7, na rezista iliyozoea 2.7 sasa inabebeshwa 4.7. Ampea zinapanda zaidi ya mara moja na nusu, na wati zinazidi maradufu. Kijitaa kilichopangiwa miliampea 20 kinapitishiwa zaidi ya 30, kwa hiyo hakuna ajabu kinapokufa.

Dima ya PWM itapunguza wastani wa mwanga, lakini kila pigo bado litakuwa la volti 14.4, kwa hiyo ampea za kila pigo zitabaki zile zile kubwa. Kwako wewe kifaa kinachofaa hasa ni kile cha kushushia volti ambacho Mwalimu alikiona kina faida ndogo. Kiweke kwenye volti 10 au 10.5, na betri ikiwa kwenye 14.4 au imeshuka hadi 12, mkanda utapata kiasi kilekile. Hapo umefifisha, umelinda vijitaa, na umeirefushia betri usiku wake, vyote kwa kifaa kimoja. Weka na fyuzi karibu na betri, maana betri ikikutana na waya uliogusana haina huruma.

Kijana wa Shangani

Wakuu, nikipiga picha ya video sebuleni mwetu, dima ikiwa chini, simu inaonyesha mistari myeusi inayotembea. Na mdogo wangu hulalamika kichwa akisomea chini ya taa hizo. Mambo hayo mawili yanahusiana?

Mwalimu, Nachingwea

Mistari hiyo ni mapigo ya PWM; kamera inayanasa kwa kuwa inasoma picha mstari baada ya mstari. Kuhusu kichwa siwezi kumpima mdogo wako nikiwa Nachingwea, lakini mpepeso wa taa ni jambo linalotambuliwa kitaalamu. Mwongozo wa IEEE 1789 wa mwaka 2015, uliotolewa na taasisi ya wahandisi wa umeme, unaeleza kwamba taa inayowaka na kuzima kabisa, kama inavyofanya PWM, huhesabiwa kuwa na hatari ndogo ikiwa mapigo yake ni 1,250 kwa sekunde au zaidi, na ikifika 3,000 huhesabiwa kuwa haina athari. Dima za bei ya chini hupiga mara mia chache tu. Mnaponunua, tafuteni iliyoandikwa idadi ya mapigo, na kwa meza ya kusomea tumieni njia ya kushusha volti, ambayo haina mpepeso wa namna hiyo.

Kwa nyongeza, wale wenye mkanda wa volti 220 unaouzwa kwa mita nyingi na kuchomekwa ukutani bila adapta wajue kwamba mpepeso wao ni mara 100 kwa sekunde hata bila dima, na kwamba mkanda huo ukichubuka una umeme wa kuua. Mimi singeuweka mahali ambapo mtoto anaweza kuufikia.

Mwanachuno (mtoa mada)

Nawashukuru, hasa kwa namba. Nimebaki na jambo moja. Fundi wangu amenishauri ninunue adapta moja kubwa ya ampea 30 kwa ajili ya mita zote 18, "iwe na nguvu ya ziada". Tukishaufifisha mkanda hadi robo, adapta hiyo itakuwa na hali gani?

Fundi wa Mikindani

Itakuwa na hali mbaya, na hapa ndipo uniti nyingi zinapopotea bila mtu kuzitafuta. Adapta hufanya kazi vizuri inapobeba kati ya nusu na uwezo wake wote. Ikibebeshwa mzigo mdogo sana, ufanisi wake huanguka, kwa sababu sakiti ya ndani ina matumizi yake ambayo hayapungui mwanga ukipungua. Adapta ya ampea 30 ni ya wati 360. Ukiififisha hadi wati 65, inabeba chini ya moja ya tano ya uwezo wake.

Kisha kuna suala la rimoti. Ukizima kwa rimoti, umezima mkanda tu. Adapta bado iko kwenye umeme usiku na mchana. Kila wati moja inayoliwa hivyo mwaka mzima ni uniti 8.76. Kwa hiyo swichi ya ukutani, inayokata volti 230 kabla ya adapta, lazima iwepo hata kama rimoti ipo, na izimwe mkienda kulala.

Ningekuwa nakufungia mimi, ningeacha kabisa wazo la mkanda mmoja unaofifishwa kila siku. Ningezungusha mikanda miwili sambamba kwenye ukingo uleule. Wa kwanza ni wa vijitaa vya 3528, vile 60 kwa mita, unaokula wati 4.8 kwa mita: mita 18 ni wati 86, na ukiushusha volti hadi 10.8 unabaki na wati 52 hivi. Huo ndio wa kila usiku, uwe na adapta yake ndogo ya wati 100 na swichi yake. Wa pili ni huo wa 5050, kwa siku za wageni na sikukuu, wenye adapta zake na swichi nyingine. Gharama ya mwanzo inapanda, sikufichi, na kwa aliyekwisha kufunga mkanda wa 5050 inatosha kuugawa katika mizunguko miwili, kwa mfano upande wa televisheni na upande wa mlango, ili nusu ibaki imezimwa kabisa. Mkanda uliozimwa pamoja na adapta yake hauna hasara ya kuhesabu.

Kijana wa Shangani

Na upepo wa bahari je? Kwetu ni hatua chache tu kutoka ufukweni, na mkanda wa jirani umekuwa na madoa ya kijani kwenye shaba.

Fundi wa Mikindani

Nunua uliofunikwa kwa silikoni, na kila unapoukata ziba ncha kwa silikoni pia, kwa kuwa hewa ya chumvi huingilia hapo. Viungio usivibane kwa klipu. Viunge kwa risasi ya kuchomelea. Klipu ikishaota kutu huwa na upinzani, na upinzani huo ni ile rezista ya nje aliyoieleza Mwalimu, ila hukuichagua wewe na hujui iko wapi. Roli la mita tano ulipe umeme ncha zote mbili, la sivyo mwisho wake utafifia wenyewe hata kabla ya dima. Adapta usiilaze juu ya jipsamu. Ifunge ukutani mahali penye hewa, palipoinuka kiasi cha mtoto kutofikia, ili siku ya kurekebisha kile kiskrubu usilazimike kupasua dari.

Mama Rahaleo, Lindi

Fundi, kifaa cha kushushia volti nimekipata hapa mjini. Kimeandikwa ampea 5. Korido na baraza kwa pamoja ni mita nane za mkanda wa 3528.

Fundi wa Mikindani

Mita nane kwa wati 4.8 ni wati 38, yaani ampea 3.2 kwa volti 12, na kwa volti 10.5 zitakuwa chini ya 2. Kinatosha. Kabla ya kuunganisha mkanda, kiunganishe na betri peke yake, kirekebishe hadi mita isome 10.5, ndipo uufunge mkanda.